"Si yeye, ni pombe"

Kijana akimpiga kofi mpenzi wake baada ya kunywa, utetezi huwa tayari: si yeye, ni pombe. Wazazi husema hivyo, marafiki husema hivyo, na mara nyingi aliyepigwa naye husema hivyo.

Pombe kweli hupunguza uwezo wa ubongo kujizuia, na ugomvi mdogo huweza kugeuka damu. Lakini tazama anayepigwa. Kijana huyohuyo hamgusi mwalimu, wala baunsa mlangoni mwa baa. Humsubiri msichana wakiwa peke yao. Na akiwa mzima kabisa, bado anampekulia simu, anamchagulia nguo, anamkataza marafiki. Huko pombe haipo. Wapo wengi wanaolewa kila wikendi bila kumgusa mtu. Sheria nayo haimezi kisingizio hiki: Kanuni ya Adhabu, Tanzania na Kenya, kwa kawaida haikubali ulevi wa kujitakia kuwa utetezi.

Kuna upande usiosemwa sana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia vijana kwa takriban miaka 5, ukaona wasichana waliodhulumiwa na wapenzi wao walielekea zaidi kunywa kupindukia na kuvuta sigara baadaye. Kwa hiyo binti anayeanza kunywa ghafla aulizwe kwanza yuko na nani, kabla ya kuhubiriwa. Walio chini ya miaka 18 wanaweza kupiga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure, Tanzania na Kenya.