Nauli, Mwendo na Mizigo: Hesabu za Kupiga Kabla Hujatoa Pesa

Kila msimu wa mavuno swali hili hutufikia sisi tunaofundisha hesabu za usafirishaji kwa wafanyabiashara wadogo: niuze mahindi hapa hapa Kibaigwa, mkoani Dodoma, au nikodi gari niyapeleke Dar es Salaam ambako bei iko juu? Muulizaji huwa ameshajijibu nusu. Ana bei ya hapa, ana bei ya kule, na tofauti ya bei hizo mbili inamtamanisha. Kinachokosekana ni gharama ya kila gunia barabarani, na hiyo ndiyo namba inayoamua kama atarudi na faida au na deni.

Tuchukue namba za mfano, maana bei halisi hubadilika kila wiki. Gunia la kilo 100 linauzwa shilingi 55,000 Kibaigwa na shilingi 78,000 Dar es Salaam. Tofauti ni 23,000. Lori la tani 10 linabeba magunia 100, na mwenye gari anataka 1,400,000 kwa safari ya takriban kilomita 350. Kupakia, kushusha na ushuru, tuseme vinakula 3,500 kwa gunia.

Lori likijaa, usafiri ni 14,000 kwa gunia. Ongeza zile 3,500 unapata 17,500. Kwenye tofauti ya 23,000 unabaki na 5,500 kwa kila gunia, sawa na 550,000 kwa mzigo mzima. Hapo safari inalipa. Lakini mkulima mwenye magunia 60 akikodi lori hilo hilo, hagawanyi kwa 100 bali kwa 60, na usafiri peke yake unafika 23,333 kwa gunia. Hasara imeingia kabla wapakiaji hawajalipwa.

Basi swali la kuuliza ni hili: nahitaji magunia mangapi ili safari ijilipe? Toa 3,500 kwenye 23,000, zinabaki 19,500. Hicho ndicho kila gunia linachochangia kwenye kodi ya gari. Gawanya 1,400,000 kwa 19,500 upate 71.8, yaani magunia 72. Usisahau kwamba na wewe unasafiri: nauli yako, chakula na malazi ya siku mbili tatu ukisubiri wateja. Ukiweka 120,000 kwa ajili hiyo, mzigo unaohitajika unapanda hadi magunia 78. Pungufu ya hapo, uza Kibaigwa au tafuta jirani mchangie gari.

Kuna njia ya tatu, ambayo madalali wanaijua vizuri. Angalia kwanza kwa nini lori linagharimu 1,400,000. Likitumia lita moja kwa kilomita tatu na nusu, kwenda na kurudi kilomita 700 ni lita 200. Kwa dizeli ya 3,000 kwa lita, hiyo ni 600,000 kwa mafuta tu, kabla ya dereva, utingo, matairi na mkopo wa benki. Nusu ya mafuta hayo ni ya kurudi, na mwenye gari hana uhakika wa kupata mzigo wa kurudi nao, kwa hiyo anakutoza wewe njia zote mbili. Sasa fikiria lori lililoshusha saruji Dodoma mjini na linarudi Dar es Salaam tupu, likipitia Kibaigwa. Dereva wake yuko radhi kupokea 900,000, kwa sababu mbadala wake ni kurudi bure. Kwa bei hiyo hesabu yetu inashuka: 900,000 na 120,000 za matumizi yako, gawanya kwa 19,500, ni magunia 53. Mwenye magunia 60 aliyekuwa kwenye hasara sasa ana faida, bila bei ya mahindi kupanda hata shilingi.

Kilomita za kurudi tupu ndizo zinazowala pia waendesha bodaboda. Abiria anapelekwa kilomita sita kwa shilingi 3,000. Kijana anahesabu 500 kwa kilomita na kuona biashara ni nzuri. Lakini anarudi kijiweni bila abiria, kwa hiyo pikipiki imekwenda kilomita 12, na kilomita moja imeingiza 250. Ndiyo maana mwenye uzoefu hakubali kwa pupa safari ndefu ya kwenda pembezoni mwa mji, ambako hakuna wa kurudi naye, hata kama nauli inaonekana nene.

Tuipige siku yake nzima. Ameingiza 25,000 na pikipiki imetembea kilomita 120. Kwa lita moja kila kilomita 40 ametumia lita tatu, yaani 9,000 kama petroli ni 3,000. Hesabu ya bosi, yaani anachompelekea mwenye pikipiki kila siku, ni 10,000. Zimebaki 6,000 na wengi huishia hapo, wanakula, wanalala. Ila oili, matairi, mnyororo na breki navyo huliwa na kilomita, ingawa bili yake haiji kila jioni. Ukivijumlisha kwa miezi kadhaa na kugawanya kwa kilomita zilizotembewa, ukakuta ni shilingi 25 kwa kilomita, basi siku hiyo imekula 3,000 nyingine. Pato lake halisi ni 3,000. Ningemshauri azitenge zile 3,000 za matengenezo kila siku, kwenye simu au kwenye kibubu, badala ya kusubiri tairi lipasuke ndipo akope.

Na kabla ya kusaini mkataba wa kumlipa bosi kila siku hadi pikipiki iwe yake, apige nyingine fupi: 10,000 kwa siku, siku sita za wiki, kwa wiki 65, ni 3,900,000. Ikiwa pikipiki hiyo dukani ni 2,800,000, amelipa 1,100,000 zaidi, karibu asilimia 39 ya bei. Huenda bado ni sawa kwake, kama hana mahali pengine pa kupata mtaji. Lakini aingie akiijua namba hiyo.

Upande wa abiria hesabu ni rahisi zaidi, kwa sababu serikali imeshafanya sehemu ngumu. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, hupanga nauli za mabasi ya mikoani kwa abiria mmoja kwa kilomita moja. Viwango vilivyotangazwa Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa daraja la kawaida na 67.84 kwa daraja la kati. Viwango hubadilika, kwa hiyo hakikisha kilichopo sasa; njia ya kukokotoa ni ile ile. Dar es Salaam hadi Moshi ni takriban kilomita 560. Zidisha kwa 48.47 upate kama 27,100. Zidisha kwa 67.84 upate kama 38,000. Hata bila kikokotoo unaweza kujua uko wapi: 50 mara 560 ni 28,000, na 70 mara 560 ni 39,200. Makadirio ya namna hii yanatosha ukiwa umesimama dirishani.

Sasa njoo Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, siku chache kabla ya Krismasi, wakati nusu ya jiji inapanda Kilimanjaro. Mpiga debe anakutajia 60,000. Gawanya kwa 560: ni shilingi 107 kwa kilomita. Hapo unajua unazungumzia kitu gani, na unaweza kumwambia wakala hivyo kwa utulivu. Tazama kwanza daraja lililoandikwa kwenye tiketi kabla hujalalamika, na dai tiketi yenye kiasi ulicholipa kweli, maana malalamiko bila tiketi hayana mguu wa kusimamia.

Hesabu hiyo hiyo ya kilomita inatoa jibu ambalo wengi hawalitegemei kuhusu treni ya umeme. Nauli ya daraja la kawaida Dar es Salaam hadi Dodoma ilipoanza mwaka 2024 ilikuwa 31,000 kwa kilomita 444, yaani karibu 70 kwa kilomita. Basi la daraja la kati kwa kilomita 450 za barabara lilikuwa kama 30,500. Treni ambayo watu waliiona ya wenye nazo ilikuwa inagharimu sawasawa na basi la kati. Tofauti kubwa ni muda: treni hutumia saa tatu na nusu hadi nne, basi mara nyingi saa saba au zaidi. Kwa fundi anayeingiza 20,000 kwa siku ya saa nane, saa moja ni 2,500, na saa tatu alizookoa zina thamani ya 7,500, ikiwa kweli angezifanyia kazi. Usijidanganye kuhesabu saa ambazo ungezitumia kupiga soga. Na ongeza gharama ya kufika stesheni: anayetoka Kibaha kwenda kupanda treni katikati ya jiji anaweza kuimaliza faida yote kwenye bodaboda na foleni.

Treni hiyo ina uwezo wa kukimbia kilomita 160 kwa saa, lakini 444 gawanya kwa 4 ni 111. Huo ndio mwendo wa wastani, na ndio unaokufikisha. Kosa la kuchukua mwendo wa juu kama mwendo wa safari ndilo linalowafanya ndugu wakeshe stendi wakimsubiri mgeni. Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Basi linaruhusiwa kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo mtu anagawanya na kutangaza saa kumi. Hakuna basi linaloifikia namba hiyo. Kwenye makazi ya watu kikomo ni 50, na vijiji vya barabara ile ni vingi. Kuna kilomita 50 hivi zinazopita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Kwa mwendo wa 80 zingechukua dakika 37 na nusu, kwa mwendo wa 50 zinachukua saa nzima. Kuna mlima Kitonga ambako malori hutambaa na kila kilicho nyuma yake hutambaa pia. Kuna mizani, kuna chakula, kuna kuchimba dawa. Ukitaka kukadiria safari ndefu ya basi kwa barabara zetu, gawanya kilomita kwa 60 badala ya 80. Kwa Mbeya utapata saa 13 na ushee, na mwenyeji wako atalala kidogo kabla ya kuja kukupokea.

Wastani wa mwendo una mtego mwingine ambao huwanasa hata walimu. Umekwenda kilomita 120 kwa mwendo wa 80, ukarudi njia ile ile kwa mwendo wa 40 kwa sababu ya mvua. Wastani ni ngapi? Karibu kila mtu darasani husema 60. Lakini kwenda kulichukua saa moja na nusu, kurudi saa tatu. Jumla ni kilomita 240 kwa saa nne na nusu, sawa na 53.3. Mwendo wa polepole unahesabika zaidi kwa sababu ulikaa ndani yake muda mrefu zaidi. Kwa hiyo usijumlishe miendo na kuigawa kwa mbili. Jumlisha kilomita, jumlisha saa, ndipo ugawanye.

Hapo ndipo pia unapoona udogo wa faida ya kukanyaga mafuta. Kwenye kilomita 100 za barabara tupu, kutoka 80 kwenda 100 kunaokoa dakika 15. Kutoka 100 kwenda 120 kunaokoa dakika 10 tu. Upande wa breki mambo yanakwenda kinyume. Kwa mwendo wa 80 gari linapita mita 22 kila sekunde, yaani sekunde moja ya dereva kushtuka imeshakula mita 22 kabla mguu haujagusa breki. Kisha umbali wa kusimama baada ya breki kukanyagwa hukua kwa mraba wa mwendo: ongeza mwendo kwa robo, kutoka 80 hadi 100, na umbali huo unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Dakika 15 zile zinaishia kwenye foleni ya Kibaha hata hivyo.

Nimalizie na hesabu ya kikundi, kwa kuwa ndiyo inayoleta ugomvi wa ukoo. Kuna msiba Moshi na ndugu wanataka kukodi Coaster kwa 2,400,000, kwenda na kurudi, ikiwemo kulaza gari usiku mmoja. Watu 30 wamejiandikisha kwenye kundi la WhatsApp, na mhazini anatangaza mchango wa 80,000 kila mmoja. Asubuhi ya safari wanafika 24. Pengo ni 480,000 na gari haliondoki. Mhazini mwenye uzoefu angegawanya kwa 24 tangu mwanzo, atangaze 100,000, akusanye kabla ya siku yenyewe, kisha arudishe kinachobaki kama watu watazidi.

Na kabla hata ya hapo angeuliza kama Coaster inahitajika. Basi la daraja la kati kwenda na kurudi, kwa viwango vile vya LATRA, ni kama 76,000. Gawanya 2,400,000 kwa 76,000 upate abiria 31.6, idadi ambayo gari hilo haliwezi kuichukua wote wakakaa. Kwa nauli peke yake Coaster haiwezi kushinda basi. Inashinda pale basi linapokushusha stendi usiku, bado una safari ya kupanda Marangu au Kibosho na mama wazee wanne na masufuria. Kama kukodi magari ya kutoka Moshi mjini hadi nyumbani na kurudi kunagharimu zaidi ya 24,000 kwa kila mtu, basi kwa watu 24 Coaster ndiyo nafuu. Ulizeni bei hiyo kwanza kwa mwenyeji aliyeko Moshi, ndipo mlipe kishika uchumba cha gari.