Tiketi ya stafu na mavazi: mwambie ndugu yako kabla hajafika geti

Nimekaa kaunta ya chekini miaka mingi, siku hizi nashughulika na tiketi za stafu, na swali ninaloulizwa kuliko yote halihusu mizigo wala viza. Watu wanauliza hivi: kweli mtu anaweza kuzuiwa kupanda ndege kwa sababu ya nguo? Ndio, anaweza, tena kirahisi kabisa, kama anasafiri kwa tiketi ya mfanyakazi, yaani ile ya bure au ya bei nafuu ambayo shirika la ndege linampa mfanyakazi wake na ndugu zake. Aliyelipa nauli yake kama abiria wengine mambo yake ni tofauti, na watu wanachanganya sana hapo, hata kisa kilichotikisa dunia mwaka 2017 kilikuwa kikubwa kwa sababu hiyohiyo ya kuchanganya.

Ilikuwa Jumapili tarehe 26 Machi 2017, uwanja wa ndege wa Denver kule Marekani. Wasichana wawili walikuwa wanakwenda Minneapolis na ndege ya United, wamevaa legingi, zile ambazo huku kwetu tunaziita taiti, mhudumu wa geti akawaambia hawawezi kupanda. Kwenye geti ya jirani alikuwepo Shannon Watts, yule mama mwanzilishi wa Moms Demand Action, kundi linalopigania udhibiti wa bunduki, naye alikuwa anasubiri ndege yake nyingine kabisa, akaona kinachoendelea akakiandika Twitter. Kufika jioni watu maarufu kama Patricia Arquette na Chrissy Teigen wameshaingia kati, kila mtu anauliza tangu lini shirika la ndege linampangia mtoto wa kike nguo.

Sasa United wakaharibu wenyewe kwenye jibu lao la kwanza. Walijibu kwamba mkataba wao wa usafirishaji unawapa haki ya kumkataa mtu aliye peku au asiyevaa ipasavyo. Mkataba huo ni wa abiria wote, kwa hiyo aliyesoma lile jibu alielewa kwamba hata yeye aliyelipa pesa yake taslimu anaweza kurudishwa kwa kuvaa taiti, na nani asingekasirika? Baadaye ndio wakaeleza kwamba wale wasichana walikuwa wanasafiri kwa pasi, yaani tiketi ya mfanyakazi kwa ajili ya familia, na pasi zina kanuni zake za mavazi, na wateja wa kawaida wavae taiti zao bila wasiwasi. Delta nao hawakukaa kimya, wakaandika kwamba kwao taiti ni ruksa. Ila maelezo ya pili huwa hayamfikii kila aliyesikia la kwanza, mpaka leo nakutana na watu wanaamini United iliwafukuza wateja.

Kanuni yenyewe ya United ya wakati ule ilikuwa imeandikwa wazi: nguo za kubana mwili za laikra na spandeksi hapana, iwe topu, suruali au gauni, nguo inayoonyesha chupi au kitovu hapana, nguo za kulalia na za kuogelea hapana, zilizochanika au chafu hapana, kimini au kaptula inayopanda zaidi ya inchi 3 juu ya goti hapana, na ndala za mpira za ufukweni hapana. Soma tena uone, hakuna kitu cha ajabu pale, ila ukiangalia vizuri sehemu kubwa inamgusa mwanamke na hasa binti, kwa sababu ni yeye taiti imekuwa nguo yake ya kila siku wakati kanuni bado inaihesabu kama nguo ya mazoezi. Nadhani hapo ndipo watu waliumia kuliko kwenye kanuni yenyewe.

Kwa nini mashirika yanajali hivi? Anayesafiri kwa tiketi ya stafu hana kiti mpaka dakika za mwisho. Anajilisti, yaani anaandikisha jina kwenye orodha ya ndege hiyo, anakaa stendibai akisubiri kiti kibaki, anaulizia loadi ikoje, yaani ndege imejaa kiasi gani, na wateja wakishakaa wote ndio viti vilivyobaki vinagawiwa. Kwenye viwanja vya Marekani utaona skrini pale geti ina herufi tatu za mwanzo za jina la ukoo na moja ya jina lako, watu wamesimama wanaiangalia kama wanafunzi wanaangalia matokeo, na mpangilio wake unafuata daraja la pasi, halafu kwenye mashirika kama United na Delta aliyeajiriwa zamani anatangulia, American wao wanaangalia aliyechekini mapema. Kiti kilichobaki kinaweza kuwa popote, mara nyingine ni mbele kabisa biznesi, pembeni ya mteja aliyelipa pesa nyingi mno. Yule mteja hajui wewe ni nani, lakini kruu wote, yaani wahudumu wa ndani ya ndege, wanajua, na shirika linataka usiwe sababu ya mteja kulalamika. Zamani masharti yalikuwa makali zaidi, wanaume wa stafu wakitaka kukaa mbele mashirika mengi yaliwadai koti na tai. Yamelegea sana, siku hizi sehemu nyingi jinzi safi isiyochanika inapita hata biznesi.

Halafu kuna jambo ambalo familia hazilijui na mimi ndilo linaloniumiza. Anayeadhibiwa ni mfanyakazi. Shemeji akija na singlendi na malapa akaanza kupiga kelele geti, ripoti inaandikwa kwa jina la aliyemtolea pasi, na mashirika yana mamlaka ya kumsimamishia mfanyakazi haki ya kusafiri, yeye na familia yake yote, na kosa likiwa kubwa zaidi kama kuuza pasi za marafiki, zile anazopewa awagawie rafiki zake, kazi yenyewe inaondoka. Dada yako kule Dubai au Doha anafanya kazi usiku na mchana, moja ya vitu vinavyomfariji ni kwamba anaweza kumleta mama amwone. Usimharibie kwa ajili ya ndala.

Ukisafiri na shirika jingine ndio uwe makini mara mbili. Mashirika yana makubaliano yanayoitwa ZED, nauli nafuu kwa wafanyakazi inayopangwa kulingana na umbali, na ukiitumia unafuata kanuni ya mwenye ndege, sio ya kampuni iliyomwajiri mwanao. Kwao taiti inaweza kuwa sawa, huku unakopanda isiwe sawa. Kila shirika linaweka kanuni zake kwenye ukurasa wa stafu, ambao mfanyakazi anaweza kuufungua na wewe huwezi, kwa hiyo mwambie akusomee kabla hujafunga begi, au apige picha akutumie kwa WhatsApp.

Wanaotoka huku kwetu wananiuliza sana kuhusu dera, kanzu, buibui na hijabu. Hijabu na buibui sijawahi kuona zikileta shida ya kanuni hizi, kanzu safi na koti juu mtu anapendeza kuliko wengi wenye suti. Dera ndio nashauri mama asiipande nayo ile laini ya nyumbani inayoonyesha kilichomo ndani, avae gauni la kitenge lililoshonwa vizuri au dera nzito yenye mtandio, na viatu vya kufunga au sandozi za ngozi. Shati la kitenge kwa mzee ni zuri sana. Kikoi cha kujifunga kiunoni kiache begini, najua Lamu na Zanzibar ni vazi la heshima lakini mhudumu wa geti Frankfurt ataona taulo. Watoto nao wanahesabiwa, pajama za katuni hata kama ndege ni ya usiku wavalishwe mkishakuwa ndani na mkishakaa.

Na nyie wenzangu mnaosimama geti, hili nalisema kwa moyo wote: kanuni ni lazima tuisimamie lakini binti wa miaka kumi na kitu hasimamishwi mbele ya foleni akaambiwa nguo yake haifai, watu mia wanamwangalia mapaja. Mwite pembeni, ongea na mzazi kwa sauti ya chini, muulize kama kuna sketi au gauni kwenye begi la mkononi, mpe dakika tano aende chooni akabadilishe. Na wakubwa wanaoandika hizi kanuni wakae na mabinti na wanawake wanaosafiri kweli, waandike upya kwa maneno machache yanayomhusu kila mtu: safi, haijachanika, inasitiri, viatu mguuni. Kipimo cha inchi juu ya goti kinamgeuza mhudumu kuwa fundi cherehani.

Kwa msafiri, weka suruali moja ya kitambaa na shati au blauzi kwenye begi la mkononi, sio kwenye begi kubwa kwa sababu lile likishakwenda kwenye mkanda hulioni tena. Ukiambiwa nguo haifai usibishane hapohapo, jibu ni "sawa naomba nibadilishe", na usimwambie mhudumu kwamba wewe ni ndugu wa stafu kwa sauti kila mtu asikie. Uliza mapema geti inafungwa saa ngapi maana stendibai akiitwa asipokuwepo kiti kinakwenda kwa anayefuata palepale. Na kama ndege imeondoka bila wewe, mpigie aliyekutolea pasi akulisti ndege inayofuata, kisha mweleze ukweli wote wa kilichotokea ili akiulizwa kazini awe na jibu.