“Huyo Ameshazoea”: Dhana Potofu Kuhusu Watumishi Wanaoshinda na Vifo na Majeraha

Mwezi uliopita niliisikia tena. Nilikuwa katika hospitali moja ya wilaya, siku tatu baada ya ajali ya basi, nikaomba orodha ya waliokuwa zamu usiku ule, ili nijue hali zao. Sista kiongozi akanipa majina tisa. Nikamuuliza, na mhudumu wa mochwari? Akatabasamu. “Mzee yule? Miaka 18 yuko mle ndani, dokta. Huyo ameshazoea.”

Sikumjibu vizuri, na baadaye nilimwomba radhi. Lakini kauli hiyo nimeisikia wodi ya wazazi, nimeisikia kwenye dawati la polisi la jinsia na watoto, nimeisikia kwa watu wa zimamoto, na kila mara inatolewa kama sifa. Inatuzuia kuwafikia watu kuliko hata uhaba wa fedha. Kwa hiyo nianze nayo, na nitakaa nayo kwa muda.

“Ukikaa muda mrefu, unazoea”

Kuna vinavyozoeleka kweli. Pua huzoea harufu. Mikono huzoea kazi: muuguzi wa leba mwenye miaka kumi, mama akianza kutoka damu nyingi, hasiti. Anakanda tumbo, anaita msaada, anatafuta mshipa, na sauti yake haipandi. Utulivu huo ni ujuzi, na unaokoa maisha. Kosa ni kutazama ujuzi wa mikono ukadhani umeuona moyo.

Tunapomwita mtu huyo “sugu” tunasema kweli bila kujua. Sugu ni ngozi iliyokufa, inayoota pale panaposuguliwa kila siku, nayo haihisi kitu. Sasa nenda kliniki ya kisukari ukawaulize wenzetu mguu usiohisi huishia wapi. Mgonjwa hukanyaga msumari asubuhi, akatembea nao hadi jioni, na anapofika hospitali kidonda kimeshaoza. Hakuna muuguzi anayeutazama mguu ule akasema umezoea misumari. Moyo wa mwenzake je, mbona anausemea hivyo?

Kufa ganzi kwa hisia kumo katika orodha ya dalili za ugonjwa wa kiwewe (PTSD), ule unaowapata watu baada ya matukio ya kutisha, pamoja na kukwepa, kushtuka na kukosa usingizi. Ni dalili inayopuuzwa mno kwa sababu haipigi kelele wala haivurugi ratiba ya zamu. Mtu wa aina hii hatakuambia anaota ndoto mbaya. Atakuambia harusi ya mdogo wake ilikuwa nzuri, ila yeye alikuwa kama anaitazama kwenye televisheni. Muuguzi mmoja wa watoto wachanga aliniambia huamka mara nne usiku kuweka kidole chini ya pua ya mwanawe, aone kama anapumua. Mtoto ana miaka tisa, mzima wa afya. Kazini, mama huyo ndiye anayetolewa mfano wa mtu aliyezoea.

Kisha kuna ukali. Malalamiko ya akina mama kwamba walifokewa au kupigwa makofi leba tunayajua sote. Sitayatetea, na mwanamke aliyedhalilishwa akijifungua ana haki ya kulalamika na kusikilizwa. Lakini wauguzi wakali niliokaa nao, wengi wao walianza kazi wakiwa wapole, na siku waliyobadilika wanaikumbuka. Mara nyingi ni mama aliyewafia mikononi, kisha kikao cha kupitia kifo ambacho swali la kwanza lilikuwa “nani alikuwa zamu?” Vikao hivyo vimewekwa kutafuta chanzo cha kifo, si mkosaji; hata miongozo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inataka majina yasitajwe wala mtu asilaumiwe. Vikigeuzwa mahakama, muuguzi anajifunza kwamba mgonjwa anayekaribia kufa ni hatari kwake. Baada ya hapo anajiweka mbali na wagonjwa, na watu wanasema amezoea.

Hata hesabu inakataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kutoka eneo la West Nile, Uganda, ulihusisha watu zaidi ya 3,000, wakimbizi na wenyeji. Kati ya waliopitia aina tatu za matukio ya kutisha au pungufu, asilimia 23 walikuwa na ugonjwa wa kiwewe. Kati ya waliopitia aina 28 au zaidi, walikuwa nao wote. Wale walikuwa watu wa maeneo ya vita, si waajiriwa, kwa hiyo sidai kwamba asilimia hizo ni za wodi zetu. Nataka uone mwelekeo tu: tukio liliwekwa juu ya tukio, kama tofali juu ya tofali. Ingekuwa kuzoea ndiyo kanuni, idadi ingeshuka.

Wapo wanaonijibu kwamba hata tiba ya kiwewe humrudisha mtu kwenye kumbukumbu yake mpaka ipungue makali, kwa hiyo kazi yenyewe ni tiba. Tiba hiyo ipo na ninaitumia. Ni vikao 8 hadi 15, kila kimoja saa moja na nusu hivi, mahali salama, tukio moja moja, na mtu anaruhusiwa kusema tupumzike. Muuguzi wa dharura anapata kipi kati ya hivyo? Majeruhi wa bodaboda wa kwanza hajafikishwa mochwari, wa pili yuko mlangoni.

Simaanishi kwamba kila mtumishi ni mgonjwa. Walio wengi wakiona jambo zito husumbuka siku kadhaa au wiki kadhaa, kisha hutulia, na ndiyo maana hatutamki ugonjwa wa kiwewe kabla ya mwezi kupita. Ila anayetulia husaidiwa na usingizi, mtu wa kuzungumza naye, siku za mapumziko, na kutolaumiwa. Miaka yake kazini haimfanyii kazi hiyo.

Hapa nina ombi langu la siku zote kwa viongozi wa wodi na wakuu wa vituo. Acheni kuuliza “uko sawa?” Sisi tumelelewa kujibu salamu kwa neno la heri. Ukimuuliza mtu habari za nyumbani atasema nzuri hata kama kuna mgonjwa kitandani, na ndipo aongeze “ila”. Kazini hakuna anayeisubiri hiyo “ila”. Ulizeni maswali yasiyo na jibu la mazoea: Jana ulilala saa ngapi? Umekula nini tangu zamu iishe? Uliporudi nyumbani ulimkuta nani? Ulizeni kesho yake, ulizeni tena wiki ya pili na ya nne. Na mkiuliza, ketini. Mkubwa anayeuliza akiwa amesimama na faili mkononi hujibiwa “nzuri”.

“Mleteni mwanasaikolojia siku moja, yaishe”

Mwaliko ninaoupata mara nyingi ni huu: njoo Ijumaa, watu 40 ukumbini, kila mmoja aseme alichoona. Siwalaumu wanaoomba. Utaratibu huo ulienea baada ya Jeffrey Mitchell wa Marekani kuuandika miaka ya 1980 kwa ajili ya wazimamoto na wahudumu wa ambulansi. Miaka ya 1990 kikao kimoja cha kusimulia kilipimwa kwa majeruhi wa moto na wa ajali za barabarani. Hakikuzuia ugonjwa wa kiwewe, na baadhi ya waliokipata walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye kuliko wasiokipata. WHO iliyaweka hayo kwenye miongozo yake ya 2013: kikao cha namna hiyo kisitumike kama kinga.

Kinachoshauriwa ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, nayo ina hatua tatu: tazama, sikiliza, unganisha. Anayetaka kusema asikilizwe, asiyetaka aachwe. Ukumbini, dereva wa ambulansi ambaye hakuingia ndani ya basi hulazimika kusikia alichokikuta aliyeingia, akarudi nyumbani na picha ambazo hakuwa nazo asubuhi.

Kwa ile ajali ya basi sikuitisha ukumbi. Nilipita zamu zote tatu, nikanywa chai na watu, nikaandika nani hajalala.

“Yeye anasikia tu, hakuona chochote”

Afisa ustawi wa jamii katika kituo cha mkono kwa mkono, pale waathirika wa ukatili wanapopata huduma zote mahali pamoja, anamsikiliza mtoto wa miaka sita aliyebakwa, anaandika neno kwa neno, kisha anamwita anayefuata. Polisi anaisoma karatasi ile. Karani wa mahakama anaichapa. Mkalimani anaitamka kwa “mimi”, kana kwamba yalimpata yeye. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, DSM-5, unahesabu kukutana mara kwa mara na maelezo ya kutisha kazini kuwa njia kamili ya kupata ugonjwa wa kiwewe, na miongoni mwa mifano yake ni polisi wa kesi za ukatili kwa watoto. Hata picha za kwenye skrini zinahesabiwa, mradi ni za kazi.

Jijini Nairobi hilo limefika mahakamani. Mwaka 2024 iliripotiwa kwamba zaidi ya watu 140 waliokuwa wakikagua maudhui ya Facebook walipimwa na daktari na kukutwa na ugonjwa wa kiwewe. Hakuna aliyekuwa eneo la tukio. Walikuwa mbele ya kompyuta, video baada ya video.

Mengine, kwa ufupi

“Mtu wa imani hayampati.” Mimi nasali, na nimeona sala ikimshikilia mtu wakati hakuna kingine. Lakini wanaoosha maiti na wachungaji wanaozika watoto nao huja kwangu. Imani ya mtumishi isitumike kumnyima likizo.

“Pombe inasaidia kulala.” Inamlaza, kisha inamwamsha saa nane usiku, na ndoto zinarudi na nguvu zaidi.

“Ukimuuliza kama anawaza kujiua, utampa wazo.” Hapana. Tafiti hazioni hivyo, na wengi hushusha pumzi wanapoulizwa. Uliza kwa neno lenyewe, usizunguke. Akikubali, usimwache peke yake, na afikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Kwa watumishi wa afya hili halina kusubiri, kwa sababu dawa ziko mikononi mwao.

“Hatuna bajeti ya mambo hayo”

Bajeti ya bonanza na fulana huwa ipo. Uchovu wa kazi, katika orodha ya WHO ya magonjwa na hali za kiafya (ICD-11) iliyoanza kutumika 2022, umeelezwa kuwa hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa. Mwaka huohuo WHO ikatoa mwongozo wa afya ya akili kazini, ukiwa na mapendekezo ya kurekebisha kazi yenyewe na kuwafundisha viongozi, tena kwa kuwataja watumishi wa afya na wa dharura. Mimi ningeanza na ratiba. Mtumishi aliyefiwa na mgonjwa mtoto mikononi apate nusu saa ya kutoka nje, na mwenzake amshikie wodi. Asipangiwe usiku tatu mfululizo baada ya hapo. Kukabidhi zamu kuongezwe dakika kumi za kuambiana lililokuwa zito. Simu isipigwe siku ya mapumziko. Kuhamishwa kitengo kusiitwe adhabu. Hayo yanahitaji kalamu na kiongozi mwenye nia.

Yule mzee wa mochwari nilimfuata mwenyewe jioni. Nikamwamkia, tukakaa kwenye benchi nje, nikamuuliza jana alilala saa ngapi. Akasema tangu ajali ile usingizi haumjii kabla ya adhana ya alfajiri. Nilidhani ni kwa ajili ya ile miili. “Maiti hawanisumbui, dokta,” akaniambia. “Wananisumbua wenye maiti.” Miaka 18 yeye ndiye anayefunua shuka mbele ya baba, mama au mke, akiwa peke yake, bila kujua aseme nini, kisha wanaondoka naye anabaki na kilio chao. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Nilipompelekea sista kiongozi habari hiyo alinyamaza, kisha akavuta ratiba. Siku hizi ndugu wakija kutambua mwili, afisa ustawi wa jamii huingia pamoja nao, na ndiye anayetoka nao.