Kamera ya mtegoni ikinyamaza, washa gari

Saa tatu asubuhi mchungaji mmoja alinipigia simu. "Daktari, kile kizimba chenu kina kitu kinanguruma tangu usiku." Nikaangalia simu: kamera ya kizimba haikuwa imetuma picha hata moja. Nilikuwa nimeshakunywa chai yangu bila wasiwasi, nikiamini mtego ni mtupu. Kumbe bando la laini iliyomo ndani ya kamera lilikuwa limekwisha, na chui alikuwa humo, ameng'ata nondo mpaka chonge moja ya juu ikavunjika. Chui mwenye chonge mbovu huweza kushindwa kukamata swala akarudia mbuzi. Basi tulikuwa tumelikoleza lile lile tatizo lililotuleta.

Huku Laikipia, chui akizoea kuingia bomani, wakati mwingine huamuliwa anaswe akiwa hai. Hiyo ni kazi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, au ya mwenye kibali chake. Mfugaji akitega mwenyewe amevunja sheria. Mtego ni kizimba cha nondo, chambo kwa ndani kabisa, ubao wa kukanyaga, na mlango unaoporomoka. Zamani tulikuwa tukivizungukia vizimba kwa gari usiku, tukiacha harufu yetu na mwanga wa taa kila mahali, halafu tunashangaa chui haji. Kamera inayotuma picha kwa mtandao wa simu imetuondolea safari nyingi za namna hiyo.

Lakini watu hudhani kamera inaona. Haioni. Kihisi chake kinangoja joto linalosogea, lililo tofauti na joto la mahali pale. Mchana wa jua kali, mwili wa mnyama na mawe yaliyochomwa na jua hukaribiana joto, kihisi kikapumbaa. Kibaya zaidi, chui aliyekwisha kunaswa hupigana kwa muda, kisha hujibanza kwenye kona na kutulia tuli. Kama kamera ilikosa ile dakika ya mlango kuanguka, huenda isimpige picha tena hadi kuche.

Ndiyo maana siku hizi naipanga ipige picha kila saa, kuwe na kitu kusiwe na kitu. Picha ya kizimba kitupu, mlango ukiwa juu, ndiyo habari njema. Picha mbili mfululizo zisipofika, tunaondoka, hata iwe saa tisa usiku na mvua inanyesha. Mlangoni naweka pia sumaku yenye kirusha mawimbi chake cha kutujulisha mlango ukianguka, kisichotegemea kamera wala mtandao wa Safaricom. Na asubuhi mtu anakwenda hata kama picha zote zimefika.

Kuifunga kamera mahali pake nako kuna ujanja wake. Tuko kwenye ikweta, kwa hiyo kamera ikitazama mashariki au magharibi jua linaipofusha asubuhi au jioni. Naielekeza kaskazini au kusini. Nyasi za mbele nafyeka. Niliwahi kuacha unyasi mmoja tu, upepo ukaucheza mchana kutwa, nikapokea mamia ya picha za unyasi na betri zikafa. Mwanga wake wa usiku uwe ule usioonekana, hata kama picha zinafifia kidogo. Na iwe ndani ya kasha la chuma, kwa sababu fisi hutafuna chochote.

Picha yenyewe hunipa nafasi ya kuamua kabla sijafika. Fisi anafunguliwa mlango, hahitaji dawa. Chui jike mwenye chuchu zilizojaa maziwa naye huachiwa pale pale, maana ana watoto mahali. Dume kubwa? Hapo naondoka na dawa za usingizi, ketamini na medetomidini, nikiwa nimeshakisia uzito wake kwa kumlinganisha na nondo, ambazo nafasi kati yake naijua.

Anayenishinda mpaka leo ni kanu, yule mnyama mdogo wa madoa anayefanana na paka. Ni mwepesi mno, anapita juu ya ubao mlango usitikisike, anakula anachotaka. Picha ya juzi ya saa kumi alfajiri inamwonyesha ameketi juu ya paa la kizimba, anajilamba.