Ugumba na tiba saidizi za uzazi

Ugumba ni hali ya kutopata mimba baada ya miezi 12 au zaidi ya kujamiiana mara kwa mara bila kutumia njia yoyote ya kuzuia mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hupatwa na hali hiyo wakati fulani maishani. Miezi hiyo ni ya watu wanaoishi pamoja, kwa hiyo mvuvi wa Kilwa au Msimbati, pwani ya kusini mwa Tanzania, akienda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, muda wa kutokuwepo kwake hauingii katika hesabu. Mwanamke aliyetimiza miaka 35 hushauriwa amwone daktari baada ya miezi sita, kwa kuwa mayai hupungua idadi na ubora kadiri umri unavyosonga.

Kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua, ambao kwa desturi ukoo umehesabiwa upande wa mama, lawama za kukosa mtoto humwelemea mwanamke, ilhali chanzo kinaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Kisonono na klamidia, ambayo ni magonjwa ya zinaa, yasipotibiwa huweza kuacha makovu yanayoziba mirija ya uzazi, na kichocho cha mkojo, ambacho kipo katika ukanda huu wa kusini, nacho huweza kudhuru viungo vya uzazi. Kwa mwanamume, mbegu zinaweza kuwa chache, dhaifu au zisiwepo kabisa, hata kama nguvu zake za kiume hazina kasoro. Na busha likiwa kubwa huweza kuathiri korodani. Ndiyo maana ni busara mume apimwe mapema: kipimo cha mbegu hakina maumivu, na ni chepesi kuliko vingi anavyofanyiwa mke.

Si kila mgumba anahitaji maabara. Wapo wanaopewa dawa za kupevusha mayai, na wapo wanaofanyiwa upasuaji. Katika njia iliyo nyepesi zaidi miongoni mwa zile saidizi, mbegu husafishwa na kuingizwa moja kwa moja ndani ya mji wa mimba, na hapo walau mrija mmoja lazima uwe wazi.

Mirija yote ikiziba, hutumika upandikizaji mimba, ulioipatia dunia mtoto wake wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, huko Uingereza mwaka 1978. Mwanamke huchomwa sindano za homoni kwa siku 10 hivi au zaidi ili mayai kadhaa yapevuke kwa pamoja, kisha mayai hayo hutolewa kwa sindano na kukutanishwa na mbegu maabara. Zikiwa dhaifu mno, mbegu moja huchomekwa ndani ya yai. Kiinitete, yaani yai lililorutubishwa na kuanza kukua, huwekwa katika mji wa mimba baada ya siku tatu hadi tano, na kipimo cha mimba hufanywa takriban wiki mbili baadaye. Jaribio moja halina uhakika, hivyo wanaosafiri hadi Dar es Salaam kwa fedha za korosho wamuulize daktari mapema kama viinitete vitakavyobaki vinaweza kugandishwa, kwani jaribio linalofuata halitahitaji tena kuvuna mayai.