Jua la Dodoma halisafishi kibodi

Nimeletewa kompyuta mpakato nyingine. Chai ya maziwa ilimwagika Ijumaa ofisini kule Mtumba, mwenye mashine akaifuta kwa leso, akaianika dirishani mwisho wa wiki, Jumatatu akaiwasha ikawaka. Jumatano herufi kadhaa zimegoma na kitufe cha nafasi kinanata. "Lakini fundi, ilikauka kabisa!"

Najua ilikauka. Kiangazi hiki hata jinzi nzito haimalizi mchana kwenye kamba. Lakini kinachoondoka ni maji tu. Sukari inabaki, maziwa yanabaki, chumvi inabaki, na jua limevigandisha chini ya vitufe. Mchele ambao watu huifukia ndani yake nao hauna msaada: haufikii sukari hata kidogo, na unga wake unaingia mashineni. Draya ya saluni inapinda plastiki. Tuachane navyo.

Kwanza umeme. Chomoa chaja, shikilia kitufe cha kuwashia mpaka mashine izime, igeuze vitufe vitazame chini, kisha ifunguliwe betri ichomolewe. Kufunga kifuniko si kuzima; na hata iliyozimwa, betri ikiwa bado imeunganishwa, kuna sehemu za madabodi, ile bodi kuu ya saketi, zenye umeme. Umeme huo ukikutana na kimiminika chenye madini, shaba inaanza kuliwa na kuota kutu ya kijani. Maji ya visima vyetu yana madini mengi, tazama ukoko mweupe kwenye birika lako, kwa hiyo usiseme "yalikuwa maji tu".

Sasa jambo linalonikera zaidi, kwa sababu hata mafundi wenzangu wanalikosea: kumwagia spiriti moja kwa moja. Isopropili, aina ya spiriti, ya asilimia 99 ni nzuri sana kwa kufukuza maji na mafuta ya vidole, ila sukari karibu haiyeyuki ndani yake, na protini ya maziwa inaganda. Unasugua, panang'aa, panakauka, na utando wa sukari uko palepale. Sukari inayeyushwa na maji. Ndiyo, unarudisha maji kwenye kitu kilichoharibiwa na maji, ila yawe yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri ya gari. Soma lebo vizuri, asidi ya betri nayo huuzwa madukani hayohayo. Maji kwanza, kwa mswaki laini na vijiti vya pamba, mara mbili au tatu. Spiriti baadaye, iyafukuze maji. Nimeona spiriti ya asilimia 70 ikitoa soda vizuri kuliko ya 99, na sababu ni hayo maji yaliyomo ndani yake. Mvinyo wa zabibu zetu husafishwa hivyohivyo, ila uwahi, kwa kuwa una asidi pia.

Kibodi ya mezani ni rahisi: piga picha, ng'oa vitufe uvioshe kwa sabuni, fungua skrubu, tenganisha zile karatasi tatu za plastiki zenye saketi zilizo chini ya vitufe ukiweza, zifute taratibu. Usisugue mistari ya saketi, inabanduka.

Ya kompyuta mpakato ni habari nyingine. Nyingi zimebanwa kwa riveti ndogondogo na karatasi zake zimegundishwa, kwa hiyo chai ikishaingia katikati sina namna ya kuifikia yote. Hapo siahidi kitu. Nimesafisha mbili kwa namna ileile, moja ikadumu, nyingine ikarudi na vitufe vinavyojiandika vyenyewe, na sikuweza kumweleza mteja tofauti yake. Siku hizi nasafisha madabodi kwa makini na kumshauri mteja anunue kibodi mpya, kwa sababu kwa mashine nyingi kibodi ni nafuu kuliko madabodi. Na tafadhali, usisubiri ikauke ndipo uilete. Sukari mbichi naitoa kirahisi kuliko iliyogandishwa na jua siku mbili.