Guardiola, Conte na msimu wa 2016/17: kocha mkubwa akihama ligi anabadilisha nini hasa?

Kila kocha mwenye jina akihama ligi swali linakuwa lile lile, ataweza kweli huko? Na ubishi unagawanyika palepale, kuna wanaosema mpira ni mpira popote, kuna wanaosema ngoja akutane na mipira mirefu ndo tumjue. Kazi yangu ni kuchambua video za mechi kwa ajili ya makocha, na nikitaka kulielewa hili swali huwa narudi msimu mmoja tu, ule wa 2016/17 kule England, kwa sababu waliingia wawili wakubwa kwa mpigo, Pep Guardiola akaenda Manchester City na Antonio Conte akaenda Chelsea, wote ilikuwa mara yao ya kwanza kwenye ile ligi, na kila mmoja akaizoea kivyake kabisa.

Tuanze na Pep. Alikuja na mataji 14 ya Barcelona na ubingwa wa Ujerumani mara tatu mfululizo akiwa Bayern, tena ule wa kwanza mwaka 2014 aliubeba mwezi wa tatu huku zimebaki mechi saba. City wakaanza kwa kushinda mechi 10 mfululizo kwenye mashindano yote, watu wakasema ligi imeisha. Halafu ikaja sare ya 3-3 na Celtic, Tottenham wakawapiga 2-0, na kuanzia hapo mambo yakawa ya kupanda na kushuka. Mwezi wa 12 Leicester walikuwa wanaongoza 2-0 kabla hata dakika ya sita haijaisha, mechi ikaisha 4-2, na mwezi uliofuata Everton wakawafunga 4-0. City walimaliza wa tatu na pointi 78, bila kombe lolote.

Baada ya ile ya Leicester Pep alisema yeye hafundishi wachezaji namna ya kuingia miguuni kupokonya mpira, na watu wakamrukia sana, wakasema jamaa ana kiburi. Lakini ukiziangalia zile mechi kwa utulivu tatizo halikuwa kupokonya. Tatizo lilikuwa mipira ya pili, ile inayodondoka baada ya watu kuruka kuugombania juu. Yaani hivi: timu ya Pep ikiwa na mpira inatanuka, mawinga wanakaa kwenye chaki kabisa, viungo wawili wanapanda juu, ili uwanja uwe mkubwa na pasi zipite. Sasa Hispania mpira ukipotea mara nyingi mpinzani naye anataka kuuchezea chini, kwa hiyo unampa presha akiwa bado anageuka, unauchukua. England ya wakati ule mpinzani akiupata anaupiga juu moja kwa moja kwa straika, mabeki wako wanaruka nae, mpira unadondoka mita kumi mbele yao, na pale unapodondokea mwenye watu wengi ndo anauokota. Timu iliyotanuka haina watu pale. Kwa hiyo ile silaha yako ukiwa na mpira ndo inageuka shimo ukiupoteza, na hili huwezi kuliona kwenye ubao wa matokeo, utaona tu kwamba mmemiliki mpira mechi nzima na mmepigwa nne.

Na yeye mwenyewe alishaijua dawa, maana Bayern alikuwa anawaingiza Lahm na Alaba kutoka pembeni waje kukaa karibu na namba sita, yule kiungo anayekaa mbele ya mabeki, ili mpira ukidondoka uwakute watu watatu wamejipanga katikati. Akajaribu kufanya hivohivo City. Ila mabeki wa pembeni aliowakuta walikuwa Zabaleta, Sagna, Clichy na Kolarov, wote walioshafika miaka 30 au kuipita, na kazi ile inataka mtu mwenye mapafu, aingie katikati, atoke, akimbie mita hamsini kurudi, arudie tena, dakika tisini. Langoni alimtoa Joe Hart akamleta Claudio Bravo kwa sababu anapiga pasi vizuri kwa miguu, lakini Bravo msimu ule hakuwa anaokoa, na kipa asiyeokoa anaifanya timu nzima iogope kupanda.

Kwa hiyo swali la kweli kwa Pep lilikuwa, wazo ni bovu kwa ligi hii au watu wa kulibeba hawapo? Jibu lake likaja dirisha la usajili la 2017. Mabeki wote wanne wa pembeni wakaondoka, wakaja Kyle Walker, Benjamin Mendy na Danilo, langoni akaja Ederson ambaye anapiga pasi ya mita sitini kama anaiweka kwa mkono. Mendy akaumia goti mapema tu, na hapo ndo utamwona kocha, kwa sababu Pep alimchukua Fabian Delph, kiungo, akampa beki ya kushoto, kwa vile kazi aliyokuwa anaihitaji pale ilikuwa ya kiungo tangu mwanzo! Msimu ule City walifikisha pointi 100, mabao 106, na kushinda mechi 18 za ligi mfululizo. Wazo lilikuwa lilelile, waliobadilika ni wanaolitekeleza na pale wanaposimama mpira ukipotea.

Conte ni kinyume chake. Yeye mechi za kwanza alicheza na mabeki wanne, akafungwa na Liverpool, halafu tarehe 24 Septemba 2016 Arsenal wakampiga 3-0, tatu zote kipindi cha kwanza. Hakusubiri dirisha, alibadilisha mlemle ndani ya mechi, na mechi iliyofuata dhidi ya Hull akaanza na mabeki watatu. Azpilicueta akaingizwa ndani, Marcos Alonso akapewa upande wa kushoto wote, na Victor Moses ambaye alishatolewa kwa mkopo mara kadhaa na hakuna aliyekuwa anamhesabu, akapewa kulia. Chelsea wakashinda mechi 13 za ligi mfululizo na wakawa mabingwa na pointi 93.

Wengi wanasoma hapo kwamba Conte alizoea haraka na Pep alichelewa, na mimi sikubaliani na kusoma hivo. Mabeki watatu ndo nyumbani kwa Conte, Juventus alichukua ubingwa mara tatu akiwa nao, kwa hiyo pale alirudi kwenye kitu anachokijua kuliko vyote. Na kuna jambo ambalo lisiposemwa hesabu haikai sawa: Chelsea msimu ule hawakuwa kwenye mashindano ya Ulaya, walikuwa wamemaliza wa kumi mwaka uliotangulia. Kocha anayefundisha mfumo mpya akiwa na wiki nzima kati ya mechi na mechi ni kocha mwingine kabisa na yule anayecheza Jumanne Ulaya na Jumamosi ligi.

Hii ya ratiba inapuuzwa mno. Ujerumani ni timu 18, mechi 34, na katikati ya msimu wa baridi watu wanapumzika. England ni mechi 38, vikombe viwili vya ndani, na wakati huo krismasi na mwaka mpya ndo mechi zinabanana zaidi. Jürgen Klopp aliingia Liverpool Oktoba 2015 na mpira wake wa kukimbizana, ilipofika hiyo miezi ya baridi misuli ya nyuma ya paja ya wachezaji wake ikaanza kuachia mmoja baada ya mwingine, na akamaliza wa nane. Alikuwa kocha yuleyule aliyekuja kuchukua ligi kwa pointi 99 mwaka 2020, ila kwanza ilibidi kikosi kijengwe na ajue lini aiachie timu ipumue na mpira mguuni badala ya kukimbia tu. Luiz Felipe Scolari, bingwa wa dunia wa 2002, hakupewa huo muda, Chelsea walimtoa Februari 2009, na siwezi kusema kwa uhakika wa kitaalamu kwamba alishindwa kuizoea ligi, miezi saba haitoshi kulijibu hilo.

Kwa hiyo kocha mpya akija mimi mechi kumi za mwanzo siangalii pointi sana. Naangalia sekunde tano baada ya timu kupoteza mpira, nani yuko karibu, amesimama kuelekea wapi. Naangalia kama akifungwa bao la aina moja mara mbili, mara ya tatu kuna mtu amesogezwa au bado wamesimama vilevile. Halafu naangalia nani ameondolewa kikosini bila kelele, kwa sababu hapo ndo kocha anasema ukweli kuliko kwenye mkutano na waandishi. Na hukumu yangu naiweka mpaka Februari, baada ya zile mechi za kubanana, miguu ikiwa imechoka na kila mpinzani ameshamtazama video zake mara ya pili.